Yoga Mbele ya Wakwe

Nichekeni kidogo, ila mchumba wangu Kabula asijue nimewasimulia.

Juzi asubuhi nilikuwa uani kwangu, mtaa wa Kambarage, nikifanya yoga ya kutuliza mgongo. Nilisimama mguu mmoja, unyayo wa pili nimeubandika pajani, viganja vimekutana kifuani, macho nimefumba. Simu ilikuwa dirishani ikitoa maelekezo, kisha ikanyamaza ili nitulie.

Geti likalia, sauti ya mama mmoja ikaita: "Baba Kabula, njoo uone! Mkwe anasali!"

Kumbe wazazi wa Kabula wamekuja bila taarifa kuangalia kama nafaa kumwoa binti yao!

"Mwache amalize," mzee akanong'ona. "Kijana mcha Mungu huyu. Binti tutampa."

Hapo ningefumbua macho nikawaamkia, yangeisha. Lakini sifa ni tamu jamani. Nikaanza kuchezesha midomo kama askofu. Mguu ukatetemeka hadi nadhani ndege za uwanja wa Ibadakuli ziliahirisha kutua.

"Roho amemshukia!" mama mkwe akasema, nikamsikia akipiga magoti vumbini.

Nikakaza sauti: "Amina."

"Amina!" wakaitikia wote wawili.

Simu nayo ikaitikia kutoka dirishani: "Vizuri sana. Sasa badilisha mguu."