Pikipiki Isiyo na Kabureta

Nilikaa miaka minne na pikipiki sebuleni, na kila aliyeingia alikuwa na swali lile lile: "Papa, kama haitembei, unaipangusia nini?" Nilikuwa nawajibu vibaya. Niliwaambia wakapanguse vya kwao.

Ilikuwa pikipiki ya mbio, nyekundu, ya silinda moja, ya zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya rafiki yangu, fundi mwenzangu kiwandani. Kila Jumamosi tulikuwa tunaifungua uani kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa na spana na yeye alikuwa na subira. Mimi nati ikinikatalia, natukana. Yeye aliitia tone la oili, akaenda kunywa chai, akarudi. "Yaya, nati iko sawa na muntu," alikuwa akiniambia, yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Ukimupigia makelele, anakaza roho." Nilikuwa natukana tena, naye anacheka.

Miaka ile askari walichukua chochote chenye magurudumu. Basi kila mwenye pikipiki alijifunza ujanja mmoja: jioni unafungua kabureta, unaingia nayo ndani. Bila kabureta petroli haifiki kwenye injini, na pikipiki inabaki chuma tu. Rafiki yangu alilaza ya kwake chini ya mto. Mke wake alilalamika kwamba ameletewa mke mwenza anayenuka petroli.

Kisha yakaanza yale maneno kwamba watu wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi, jamani? Yeye alizaliwa hapa hapa Likasi, tulibatizwa parokia moja, Kasai alikuwa hajaiona hata mara moja. Vijana wakaanza kupita mtaani na mawe. Asubuhi moja akanisukumia pikipiki hadi uani, mke na watoto wakimngoja barabarani na mafurushi kichwani.

"Unichungie," akasema. "Kabureta iko mu mizigo, na mizigo ilishaenda ku gare. Ukuye kesho, nitakupatia mu mukono. Tutaagana muzuri."

"Nitakuya," nikamwambia.

Kutoka kwangu hadi gare, stesheni yetu ya treni, ni nusu saa kwa miguu. Treni haikuja siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule. Watu walilala chini pale pale, mvua ikawanyeshea, watoto wakaugua. Mimi nilikuwa naamka, navaa viatu, nafika kwenye kona ya mwisho, naona vijana wamesimama wakiangalia ni nani anayewapelekea unga Wakasai. Narudi. Nasema kesho. Kesho yake nasema kesho tena. Mke wangu alikuwa amekwenda Kapolowe kulima, maana kiwanda kilikuwa kimeacha kutulipa. Nyumbani hapakuwa na wa kuniambia, we mwanamume, nenda. Niliogopa. Neno hilo naliandika hivyo hivyo, silitafutii nguo. Siku treni ilipoondoka nilisikia honi yake nikiwa nasafisha mnyororo.

Nikaendelea kuitunza kwa hasira. Kila Jumapili baada ya misa nilifungua plagi, nikamwaga kijiko cha oili ndani ya silinda, nikaingiza gia, nikazungusha gurudumu la nyuma polepole kwa mkono ili pistoni isigande. Mnyororo niliusugua kwa mswaki mkuukuu. Tundu la kabureta nililiziba kwa kitambaa, panya wasiingie, na kitambaa chenyewe nilikibadilisha kila mara. Hapo ndipo paliponishinda kupaangalia. Fundi mmoja wa Kambove aliniletea kabureta nyingine, ambayo ingekaa kama ningeichonga kidogo. Nilimfukuza na kabureta yake.

Watu walipozidi kuuliza, niliwaambia: "Hakuniamini. Alikwenda na kabureta kusudi nisiiendeshe." Nililisema mara nyingi mpaka likaanza kukaa vizuri mdomoni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, masista walitukaririsha shuleni, na mimi ndiye niliyekuwa napata alama nzuri. Jioni, mke wangu akiwa bado Kapolowe, nilikuwa nakula bukari, ugali wetu, peke yangu, nikiangaliana na taa ya mbele ya pikipiki. Upweke ule sikumwambia mtu.

Mwaka wa nne akaja mama mmoja mfanyabiashara, ameshuka kutoka Kasai na magunia yake. Akauliza kama hapa ndipo penye pikipiki nyekundu. Akatoa kitu kilichofungwa ndani ya kipande cha kitenge.

Ilikuwa kabureta. Niliifungua pale pale mezani. Boya lake safi, vijitundu vyote wazi. Nilipuliza, hewa ikapita. Gasketi ilikuwa mpya, imekatwa kwenye jalada la daftari la shule, bado inasomeka tano mara tano.

"Kila siku ya Mungu anaisafisha na unyoya ya kuku," yule mama akasema.

"Iko muzima?"

"Iko. Miguu tu njo inamusumbua." Akasita kidogo. "Papa, anakuomba musamaha."

"Musamaha ya nini?"

"Ju ya gare. Anasema bantu balikuwa bengi. Alikuwa anakaa pa mulango kila siku, ata mu mvua, ju ukikuya usimukose. Anawaza ulikuya, ukamukosa. Nimuambie nini?"



"Umuambie inawaka," nikasema, na wala nilikuwa sijaijaribu.

Alipoondoka niliifunga kwenye injini, nikatia petroli, nikapiga kiki. Iliwaka mara ya pili. Majirani wakatoka, wakapiga makofi, na mimi nikasimama ndani ya moshi nikilia mpaka petroli ikaisha.

Jumapili iliyofuata nilivaa viatu, nikaenda hadi gare. Safari hii kona ile niliipita. Nikasimama pale mlangoni, nikageuka kuangalia nilikotoka. Kona inaonekana wazi kabisa. Mzee mmoja alikuwa amesimama pale akifunga kamba za viatu, nami niliweza kuona hata rangi ya soksi zake. Rafiki yangu alikuwa akiniona kila siku nikifika, na kila siku nikirudi.