Sawa ya Java

Napenda gofu. Haya, nimeliandika, na dari haijaniangukia.

Kwa miaka mingi nilikana. Nilikana mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya majirani, na kwa sauti kubwa kuliko zote mbele ya wazee wa pande mbili waliokutana Tanga siku ndoa yangu ilipovunjwa. Walitaka kujua mume amenikosea nini. Hanipigi, halewi, haleti wanawake nyumbani. Nikawaambia nina mke mwenza, anaitwa gofu, na ana mashimo kumi na nane. Mzee mmoja alilazimika kutoka nje kukohoa. Talaka nilipewa kabla chai haijapoa.

Mume huyo wa zamani ni Mkenya, mhasibu, mtu wa fulana zenye kola. Tulipohamia Johannesburg kwa kazi zetu, yeye alipata ofisi na uwanja, mimi nikapata ofisi na Jumapili za kukaa peke yangu. Baada ya talaka nilizigeuza Jumapili hizo kuwa makala. Nina safu katika gazeti moja la nyumbani, na kwa muda mrefu safu hiyo iliishi kwa kuitukana gofu. Niliandika kwamba ni mchezo wa kutupa kitu chako mwenyewe kisha kulipa ili ukitafute. Niliandika kuhusu barabara itokayo Diepsloot, ambako watu hupanga ndoo wakisubiri gari la maji, na jinsi ukiendesha kidogo tu unaukuta ukuta wenye nyaya za umeme na nyuma yake mabomba yanamwagilia nyasi, mvua ikinyesha. Hayo yote ni kweli na bado nayasimamia. Kasoro ni kwamba siku hizi nayasimamia nikiwa upande wa ndani wa ukuta.

Ilianza na utafiti. Wasomi tukitaka kufanya jambo la aibu huliita utafiti. Nilikwenda kwenye uwanja mmoja wa mazoezi pale Midrand ili nipate maneno mapya ya kashfa, nikaomba nipige mpira mmoja tu, nijue ninachokitukana. Mpira ukalia tak, ukapaa, ukakaa juu muda mrefu kuliko nilivyostahili. Nikaomba mwingine. Tangu hapo, kila Jumatano, nikiulizwa naenda wapi, nilikuwa naenda kwa daktari wa bega. Watu wakanionea huruma. Jirani mmoja aliniletea mafuta ya mbuni ya kuchua.

Kwa haya ya moyo, au kwa unafiki, nilinunua mipira yangu mwenyewe na kwenye kila mmoja nikaandika kwa kalamu ya wino usiofutika: SAMAHANI. Nilijijua. Mpira wangu ulikuwa na uwezekano mkubwa wa kumpata mtu kuliko kupata shimo, na niliona ni adabu aliyepigwa aombwe radhi papo hapo.

Sasa aingie mtoto wa shangazi yangu. Alikuja huku kutoka Dar es Salaam, akawa mlinzi kwenye lango la mtaa mmoja wa kitajiri wenye uwanja wa gofu ndani yake. Akiwa langoni aligundua kwamba wachezaji wana mambo mawili: hawana la kufanya na hawataki ijulikane. Ndipo akapata wazo. Aliacha lango, akapanga chumba Marshalltown, katikati ya jiji, juu ya duka la vitambaa, akaning'iniza ramani ya Indonesia, akaanza kuuza safari za kwenda Java, akaandika mlangoni: GOFU NA URITHI. Kipeperushi chake kilisema, “Asubuhi mashimo, alasiri historia.” Nilimwambia hiyo ni sentensi ya kutisha. Akasema, “Dada, wewe unasoma. Wao wananunua.”

Lakini nyuma ya ujasiri huo kulikuwa na mkwe wake. Mzee yule alikuwa amesema hatamruhusu binti yake kumfuata mume Johannesburg ili akaishi na mtu wa lango. Akisimama na ofisi, mke atakuja. Asiposimama, kila mtu abaki alipo. Na bosi wake wa zamani alikuwa amemwambia kwa wema kabisa, wema ule unaouma, kwamba sare yake bado imening'inia, arudi wakati wowote.

Kwa hiyo aliponiomba niende na kikundi chake cha kwanza kama mtaalamu wa urithi, nilikubali. Nilikubali kwa ajili ya undugu. Fimbo zangu nilizipeleka ofisini kwake siku moja kabla, zimefungwa kwenye mkeka, nikamwapisha kwa jina la mama yake kwamba hatamwambia mtu.

Kikundi chenyewe kilikuwa na kasoro moja ndogo: hakuna aliyecheza gofu. Walikuwa watu wa urithi watupu, waliovutiwa na neno “gofu” kwa sababu lilionekana la gharama. Alikuwamo fundi cherehani wa Lubumbashi, mwenye duka jirani na ofisi, ambaye alikuja kwa ajili ya batiki na hakuficha. Wengine walikuja kupiga picha. Huko Java ya Kati uwanja ulikuwa umetengwa kwa ajili yetu kila asubuhi, nyasi zimekatwa, makedi, wale wabeba fimbo, wamejipanga, na mgeni hayupo. Ingekuwa dharau kuwaacha wakae bure. Ndivyo nilivyojieleza. Kila alfajiri nilitangaza kwamba najitenga kutayarisha mhadhara wa alasiri, nikatoka kwa mlango wa jikoni.

Mhadhara wa kwanza niliutoa ndani ya basi, na naomba msomaji aukumbuke. Nilisimama karibu na dereva, mkono mmoja kwenye kiti, nikawaeleza wasafiri kwamba Kiindonesia na Kiswahili vimekunywa kisima kimoja. Sisi husema habari, wao kabar. Sisi wakati, wao waktu. Kamusi, kamus. Dunia ni dunia kwa wote. “Kwa hiyo,” nilimalizia, “mkisikia neno mnalolijua, liaminini. Ni ndugu yenu.” Walipiga makofi. Mwongozaji wetu, kijana mpole wa kule, alifungua mdomo kutaka kusema jambo, lakini nilikuwa nimeshaanza kujibu maswali ambayo hayakuulizwa.

Kesho yake alfajiri nilisimama kwenye shimo la nne. Kushoto kulikuwa na miti, mbele nyasi, na kulia, ng'ambo ya kijito, mashamba ya mpunga yenye maji, miche ndio kwanza imepandikizwa. Kedi wangu alikuwa mwanamke wa makamo, kofia pana, mikono mirefu, uso umefunikwa mpaka machoni. Nikapiga. Mpira ukaenda kulia.

“Sawah, Bu,” akasema; Bu, au Ibu, ndiyo mama kwao.

Sawa! Nilifurahi. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia sawa kwa pigo la kwanza. Nikaweka mpira wa pili, nikaelekeza kule kule.

“Sawah, Bu! Sawah!”

Sawa mara mbili. Nikamwambia, “Asante, mama,” nikapiga wa tatu kwa nguvu zaidi, kisha wa nne. Sauti yake ilizidi kupanda, nami nikazidi kujituma. Nilijisemea kwamba hawa watu wana moyo wa kutia moyo, ni ukarimu wa Mashariki, nitauandika. Niliendelea hivyo mpaka mfuko ukawa mwepesi. Mwishowe yule mama alinishika mabega yote mawili, akanigeuza kama mtu ageuzavyo kabati, nikamwona mkulima amesimama katikati ya shamba, matope magotini, mikono kiunoni, akinitazama kama unavyomtazama ng'ombe wa jirani.

Mwongozaji ndiye aliyenieleza baadaye, akitazama viatu vyake. Sawah ni shamba la mpunga. Yule mama hakuwa akinisifu. Alikuwa akiniambia mpira umekwenda wapi.

“Nilitaka kusema kwenye basi,” alisema kwa Kiingereza, “lakini Ibu alikuwa anafundisha.”

Mkulima nilimwomba radhi na nikamfidia miche yake. Kuanzia siku hiyo makedi wote waliniita Ibu Sawah, Mama Mpungani, na sina budi kusema kwamba asubuhi zilizofuata, nikiwa tayari naijua maana, mipira mingine ilikwenda kule kule. Elimu haisaidii bega.

Alasiri nilikuwa Borobudur, nikiwatembeza watu kwenye ngazi za hekalu lile la mawe, ghorofa kwa ghorofa, nikizungumzia michoro iliyochongwa ukutani. Nilijitahidi. Lakini tulipofika mbele ya mtu mmoja wa jiwe aliyeinua rungu, nilimsogelea mpaka pua ikakaribia jiwe. Kikundi kilidhani nimeguswa na karne. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakagua mshiko wake. Alikuwa ameshika vizuri, kidole gumba kimelala panapotakiwa, na nilimwonea wivu.

Fundi wa Lubumbashi alisimama pembeni yangu, hatazami jiwe. Alitazama mikono yangu.

“Mais mama, hii mukono ya kushoto iko mweupe sababu gani, na ya kulia iko mweusi?”

Ni glavu. Mchezaji huvaa moja tu, na jua humaliza kazi kwenye ule mwingine.

“Mzio,” nikasema. “Wa sabuni.”

“Sabuni inachaguaka mukono?”

Nikageukia kikundi nikaanza kueleza mifereji ya maji ya mvua.

Tuliporudi Johannesburg, wasafiri walisifu kila kitu, lakini sifa za urithi hazikulipia chumba. Mtoto wa shangazi alihitaji wachezaji, na wachezaji wanaozungumza Kiswahili katika mji huu ni wachache na wanajuana wote. Wana chama chao Midrand. Mwenyekiti wa chama hicho, kama msomaji ameshakisia, ni mume wangu wa zamani.

Alikuwa tayari kuleta chama kizima. Alikuwa na sharti moja tu: azungumze na mtu aliyecheza uwanja ule kwa miguu yake, si mtu aliyeuona kwenye kipeperushi. Miezi ikapita, mtu huyo hakuonekana. Mtoto wa shangazi alinipigia simu kila wiki.

“Dada, sema tu. Neno moja.”

“Mwambie nyasi ni nzuri.”

“Ataniuliza nani kasema. Dada, mkwe kaniuliza jana kama ofisi bado ipo. Nikamwambia ipo. Nilikuwa nimekaa gizani, umeme umekatika.”

Nilimpenda, na nilimwona akirudi langoni na ile sare. Lakini nilipowaza kumwambia mtu yule, kati ya watu wote wa dunia, kwamba nimeolewa na mke mwenza wangu, nilikata simu. Nilijiambia kwamba ninalinda heshima ya safu yangu.

Mwisho wa yote mwenyekiti akasema atapita Marshalltown mara ya mwisho, kisha aamue. Nikaombwa nije, angalau nizungumzie hekalu. Nilikwama kwenye taa za barabarani, robot kama wasemavyo huku, zilizozimika kona ya mtaa, nikachelewa, nikamkuta amekaa kwenye kiti changu, kola imesimama. Fundi wa Lubumbashi alikuwa amepanda na sindano zake, eti kuazima mkasi.

“Mwalimu,” akaniambia mume wangu wa zamani. Hajawahi kuniita hivyo kwa heshima. “Bado unapigana na nyasi?”

“Bwana Mwenyekiti. Bado unazitafuta?”

“Wacha bwana. Mimi nimekuja kwa biashara. Huyu kijana ananiambia uwanja ni mzuri. Nikimuuliza nani alicheza, anaangalia dari. Unajua nani alicheza?”

Mtoto wa shangazi alikuwa anaangalia dari. Kiapo cha mama yake kilimbana shingoni kama kola ya yule mwingine. Nilifungua mdomo. Naamini nilikuwa karibu kusema, ingawa fundi, ambaye alikuwa akiutazama mdomo wenyewe, anasema hapana.

Simu ya ofisi ikalia. Mtoto wa shangazi aliinyakua kwa shukrani, na kwa kuwa kifaa chenyewe kilikuwa kimeharibika, kinasikika kwa spika tu, chumba kizima kikaisikia sauti ya mwongozaji wetu kutoka Java. Alitusalimu. Alisema mpunga umevunwa. Alisema mkulima wa shimo la nne, katika kuvuna, amekusanya kapu la mipira, na anauliza aitume au awape watoto.

“Yote imeandikwa neno moja,” alisema. “Hatulijui. Sa-ma-ha-ni. Ni kampuni?”

Fundi alianza kuimba polepole puani.

“Na Ibu Sawah hajambo?” akaendelea. “Mwambieni kedi wake anamsalimia. Bega la kulia limenyooka?”

Mume wangu wa zamani alinitazama usoni, kisha mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Anaijua alama ya glavu, na anayajua mabega yangu. Aliinama kwenye spika.

“Si kampuni,” akasema kwa Kiingereza. “Ni neno la Kiswahili. Miaka yote ya ndoa mimi sikulisikia hata mara moja. Kumbe lilikuwa linatupwa kwa mpunga.”

“Na wewe pia hukulisema,” nikamwambia.

“Mimi sikuwa na kalamu.” Kisha, bila kuniondolea macho: “Uwanja uko aje?”

“Mzuri,” nikasema. “Mzuri sana. Shimo la nne, jihadhari upande wa kulia.”

Akamgeukia mtoto wa shangazi. “Andika chama kizima. Na huyu aende na sisi. Nataka nione hiyo mwili ya kutukana gofu ikitupa mpira.”

Mtoto wa shangazi hakuandika kitu. Alikuwa ameshika simu yake ya mkononi na tayari anatafuta jina la mkwe wake.

Kwenye spika mwongozaji alikuwa bado anasubiri. Aliuliza kama ni kweli tunarudi, na kama Ibu atakuwamo.

“Sawa,” nikasema.

Java ikacheka kidogo.

“Hapana, Ibu,” ikajibu kwa upole. “Safari hii, tafadhali, nyasi.”