Debe la Kuuzia

Mkaguzi alikaa dawati la nyuma, magoti karibu na kidevu, kalamu mkononi. Nilikuwa mwalimu mgeni Songea, mwaka wangu wa kwanza kutoka Tanga, na ukaguzi ule ndio ungeamua kama nathibitishwa kazini au narudi kwetu kukuna nazi.

Ubaoni niliandika: debe moja ni lita ishirini. Halafu, kwa kujifanya mjuaji, nikaufuta ule mwisho na kuliuliza darasa la nne, "Debe moja ni lita ngapi?"

Binti mmoja wa mtaa wa Mfaranyaki akanyoosha kidole. "Mwalimu, la kununulia au la kuuzia?"

"Debe ni debe!" nikafoka. Nilikuwa nimewaagiza walete vyombo vya kupimia kutoka nyumbani, basi nikalinyakua debe lake mwenyewe nikaanza kumimina maji kwa kopo la lita moja, darasa zima likihesabu kwa sauti. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba, na maji hayo yanamwagikia viatu vyangu! Kuchungulia, kumbe kitako kimegongwa nyundo kikapanda juu.

"Hilo la kuuzia," binti akaniambia kwa upole. "La kununulia lina tumbo. Mama kakataa nisilibebe."

Enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, isipokuwa mimi mjinga. Yarabi, nikasema moyoni, kazi imeota mbawa. Mkaguzi alikuwa ameshafika mbele, ameliinamia debe.

"Mama yako anauzia wapi?"

"Si pale ulipochukua madebe sita juzi, mzee? Shikamoo."

Midomo ya mkaguzi ilikuwa inacheza: lita tatu zilizopungua, mara sita. Kisha akanigeukia. "Somo limeeleweka, mwalimu. Hilo kopo niazime."

Jumamosi nikamkuta sokoni na kaunda suti yake, amechuchumaa, anapima upya mahindi yake ya madebe sita kwa kopo langu, lita moja moja. Mama wa yule binti kashika kiuno, wateja nyuma wanasonya. Alikuwa amefika themanini na tisa. Mimi na adabu zangu za Tanga nikashindwa kupita kimya.

"Shikamoo, mzee! Mahindi ya mwaka huu mazuri, eti?"

Mkono ukasimama hewani. Akanikata jicho, akamwaga mahindi yote chini, akaanza upya: moja.

Barua ya kuthibitishwa nilipata, sisemi uongo. Ila ilichelewa miezi mitano.