Fomu Zisizo na Sifuri

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Niliripoti Embu, kwenye ofisi ya takwimu ya mkoa, nikiwa nimevaa viatu vya kisigino nilivyonunua kwa ajili ya siku hiyo, na Mkuu wa Takwimu akanikabidhi kamba, vigingi na mizani ya kutundika. "Takwimu ziko shambani," alisema. "Hivyo viatu rudisha nyumbani." Mimi ni mzaliwa wa Kibirichia, nimemlimia mama viazi tangu utotoni, na nilidhani digrii imeniokoa na matope. Nilinuna mpaka saa ya chakula cha mchana.

Kazi yenyewe iliitwa kukadiria mavuno, na nyinyi mnaoanza leo na tableti mkononi huenda hamjaiona ikifanywa. Serikali haiwezi kupima kila shamba, kwa hiyo huchagua machache, na ndani ya kila moja hupima kipande kidogo tu. Unasimama kwenye kona na jedwali la nambari nasibu, yaani kurasa za nambari zisizo na mpangilio wowote. Jedwali ndilo linalokwambia utembee hatua ngapi kufuata urefu wa shamba, na ngapi kuingia ndani. Unapoishia, unapiga kigingi. Kutoka hapo unapima mraba kwa kamba, unavuna kilichomo, unakikausha na kukipima uzito. Kigingi kikiangukia penye mazao, sawa. Kikiangukia kwenye mchanga mtupu, sawa vilevile, unaandika sifuri. "Ukikisogeza," Mkuu alikuwa akituambia, "hujapima shamba, umepima moyo wako."

Nilifanya kazi hiyo Meru kwa miaka kadhaa, chini ya Ofisa wa Wilaya aliyependa ripoti fupi na chai ndefu, kisha nikarudishwa Embu kuwa mkufunzi wa makarani wa takwimu. Niliwafundisha vizuri, nasema bila haya. Walipima ukumbi, wakapima uwanja wa kanisa, wakapima hata bustani ya maua ya Mkuu. Kamba waliijua.

Msimu mmoja mvua ilikatika mapema kule chini Mbeere. Niliwatuma makarani upande wa Ishiara wakapime ndengu, kwa kuwa hesabu hizo ndizo zingeamua ni lokesheni zipi zipelekewe chakula cha msaada. Waliporudi Jumanne nilipitia fomu zao moja moja. Hakukuwa na sifuri hata moja. Kwa mujibu wa fomu zile, Ishiara ilikuwa imevuna vya kutosha, na watu wake wasingepewa hata gunia.

Nilimwita Ireri, karani aliyeongoza kundi hilo, mtu mzima mwenye watoto wake, mwenyeji wa hukohuko, na mkweli kuliko wote darasani.

"Ireri, umepika hizi?"

"Hapana, Madam! Kila shamba tulienda. Na tulipima na kamba."

"Na kigingi?"

Akaangalia viatu vyake. "Tulisongesha kidogo tu. Sasa Madam, mzee ni age-mate ya baba yangu. Mama ametupikia chai. Halafu niweke kigingi pale kwa mchanga na yeye ananiangalia? Ni kama kumwambia hajui kulima. Akasema, 'Kijana yangu, pima hapa kwa nzuri.' Nikapima."

Nilitaka kumfokea, nikajizuia. Kosa lilikuwa langu pia. Nilikuwa nimewafundisha kamba, lakini jinsi ya kusimama mbele ya mwenye shamba sikuwafundisha. Sasa heshima yao ilikuwa karibu kuwanyima wazazi wao chakula, na niliogopa kweli.

Mkuu hakufurahi. "Madam, Nairobi wanataka fomu Ijumaa. Hawataki hadithi."

"Nipe gari kesho na keshokutwa."

"Na kama wameshavuna?"

"Basi utaniandikia barua ya onyo, na mimi nitaisaini."

Akausukuma ufunguo wa gari juu ya meza.

Jumatano asubuhi tulikuwa kwa Mzee Nyaga, yule aliyetaka apimiwe palipo pazuri. Ndengu zake zilikuwa bado shambani, nikashusha pumzi. Safari hii tulianza kwa kuketi. Nilimweleza polepole, Ireri akitafsiri kwa Kimbeere, kwamba mahali pa kigingi tunaonyeshwa na nambari, hatuchagui sisi. Nikamwambia pia kwamba jina lake haliendi Nairobi, na kwamba tukificha sifuri yake, majirani wote watalala njaa pamoja naye. Mzee aliinuka. Kisha akakichukua kigingi mkononi mwa Ireri, akahesabu naye hatua, akakipiga yeye mwenyewe penye mchanga na mabua machache yaliyokauka.

Tukavuta kamba. Hakukuwa na cha kutia kwenye mizani.

"Andika ziro," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Lakini andika pia nilipalilia. Mara mbili."

Fomu haikuwa na nafasi ya maneno hayo. Niliyaandika pembeni kwa herufi kubwa, nikamsomea, naye akaitikia kwa kichwa.

Tuliyarudia mashamba yote, na Ijumaa asubuhi fomu zilikuwa mezani kwa Mkuu. Malori ya mahindi yalipoingia Ishiara, Ireri alinipigia simu ofisini akishangilia mpaka nikaiweka mbali na sikio. Nilifunga mlango nikalia kwa raha. Tangu hapo, kila kozi niliyoendesha ilianza kwa wakulima halisi walioalikwa darasani, na kamba ilisubiri siku ya pili.

Sasa nimestaafu. Ninaishi Nchiru, nina vyumba vya kupangisha, na mmoja wa wapangaji wangu, anayeniita Shosho, yaani bibi, anasomea takwimu chuoni. Juzi aliniambia, "Shosho, siku hizi satelaiti inaona shamba yote. Hiyo kamba mtu anaibeba ya nini?"

Nilimwambia nafurahi sana, kwa sababu satelaiti haikaribishwi chai na haimwonei mzee aibu. Nafurahi kweli, mzigo ule haupo tena mabegani mwangu. Nikamwomba jambo moja tu: akiona shamba tupu kwenye picha yake, aende akaketi na mwenye shamba hilo, na atakachoambiwa akiandike.

"Lakini Shosho, nitaandika wapi? App haina hiyo nafasi."

"Fomu yetu pia haikuwa nayo," nikamwambia.