Wimbo wa Sufuria

Msusi alijua kuimba, na hilo hakuna aliyembishia. Kwenye kwaya alikuwa nguzo ya sauti ya pili tangu usichana wake, ile sauti inayopita chini ya wimbo na kuubeba, na mwalimu wao alizoea kusema kwamba akikosekana yeye wimbo unachechemea. Aliwahi kurekodi wimbo wake mmoja kwenye studio ya maana, wenye vinanda na tarumbeta, akauweka. Alikuwa anangoja mfadhili. Wimbo mzuri hautembezwi mitaani kama karanga, alisema, unatolewa kwa video na mabango. Basi akangoja, na wimbo ukangoja naye ndani ya simu hadi vinanda vyake vikapitwa na wakati.

Mdogo wake hakungoja mtu. Huyo alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wake. Alitunga wimbo wa jirani aliyeazima sufuria asirudishe, akaurekodi kwa simu akiwa amejifunika blanketi ili kelele za barabarani zisiingie, rafiki yake akimpigia gita. Kisha akaanza kuutembeza. Fundi simu wa pale kona kazi yake ilikuwa kuwaingizia watu nyimbo kwenye simu zao. Sindano akamshonea suruali iliyochanika, naye kila mteja akampa wimbo wa sufuria kama nyongeza. Kinyozi akaupiga kwake. Muuza vyombo, mjanja yule, akauweka kwenye spika mbele ya meza ya sufuria, na sufuria zikatoka. Mteja aliyekuja kupunguza pindo la gauni aliimbiwa kiitikio mpaka akaondoka naye anaimba, na akiombwa awatumie watu wake, anawatumia.

Msusi akawa anausikia kila mahali. Uliingia saluni kwa dirishani, ukaingia na wateja, ukaimbwa na mama mtu mzima chini ya draya, macho kayafumba: "Rudisha sufuria yangu, jirani, rudisha..." Nisiseme ulimkera. Ulimuuma roho, wivu ule wa kumkosesha mtu hamu ya kula. Alikaza msuko wa mteja aliyekuwa mikononi mwake mpaka nyusi za maskini zikapanda.

"Polepole, dada, hiyo ngozi!"

"Kaa wima basi."

"Huyu anayeimba si mdogo wako? Mbona hapa kwako haupigwi?"

"Spika mbovu."

Spika haikuwa na ubaya wowote. Jana yake tu ilikuwa imeimba kutwa nzima.

Na sauti yenyewe, jamani! Nyembamba, pumzi hana, zile noti za juu anazifikia kwa kunyata. Ndiyo ya kupapatikiwa hiyo? Miaka yote, mgeni akisema "hebu tuimbieni," macho ya familia yalimwendea Msusi. Juzi nyumbani shangazi yao alitaka wimbo, akageuka kumtazama Sindano. Msusi alikuwa ameshakohoa kusafisha koo.

Ndipo akafanya upuuzi. Saluni ilipokuwa tupu aliupiga wimbo kwenye simu moja, akajirekodi kwa nyingine akiukejeli. Sindano akiimba kwamba sufuria ilikuwa mpya, Msusi anajibu kwa sauti ya puani, "Imetoboka! Chukua mfuniko!" Sindano akiimba kwamba alimwamini jirani, Msusi anajibu, "Nani alikutuma uniamini?" Akautuma kwenye kikundi cha wasusi wenzake na maneno: "Jamani, huu nao ni muziki?" Hakuusikiliza kwanza, na hapo ndipo alipojiponza. Kejeli zake zilikuwa kwenye beti tu. Mtu aliyeimba sauti ya pili maisha yake yote hawezi kuacha kiitikio kimpite hivihivi. Bila kujijua alikuwa ameingia chini ya sauti ya mdogo wake akaibeba, safi kabisa, kila pumzi mahali pake.

Wasusi walicheka, lakini si kicheko alichokitaka. Waliupenda. Wakawatumia wateja, wateja wakawatumia dada na mawifi zao, na fundi simu akaufuta ule wa kwanza akaanza kuingiza huu. Watu wakawa wanauimba wawili wawili, mmoja akidai sufuria, mwingine akikataa. Msusi alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwa muuza vyombo, akafunga dirisha. Nani amjue mtu sauti kuliko ndugu yake?

Sindano alikuja mchana, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Hakuketi. Kwenye kiti kulikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa, akajifanya anasoma gazeti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Msusi hakuinua macho.

"Redio wamenipigia. Wananitaka alasiri hii, kipindi cha wasanii wapya. Wanataka ule wa sauti mbili."

"Hongera."

"Wanasema sauti ya pili ndiyo inayoubeba wimbo."

Hapa nisimsingizie: kilichomjaa Msusi kwanza hakikuwa aibu. Kilikuwa furaha, furaha tupu, mpaka akalazimika kuuma midomo. Aibu ilikuja baadaye.

"Wakaniuliza ni ya nani," Sindano akaendelea. "Nikasema simjui. Ningesema ni dada yangu wangeniuliza kwa nini ananicheka, na mimi sina jibu. Si wewe uliyenifundisha kuimba?"

Msusi akagawa fungu jingine la nywele, akaanza kulisuka.

"Ningekuja kukuomba kwa wema uniimbie, ungekubali?"

Alitaka kusema ndiyo. Uongo ulikuwa umeshafika ulimini.

"Nisingekubali," akasema. "Nakuonea wivu. Hata sasa hivi nakuonea."

"Najua. Ndiyo maana sikuja." Sindano alijifuta jicho kwa ncha ya utepe. "Mimi ndiyo naelekea huko. Kama unakuja, njoo."

Alikuwa ameshafika mlangoni Msusi alipomwita.

"Watamtaja nani kwanza?"

Mteja akaweka gazeti chini kabisa. Sindano aligeuka, akamtazama dada yake usoni.

"Mimi, dada. Wimbo ni wangu."

Lilimchoma neno hilo, tena palepale palipokuwa pakimuuma siku zote. Msusi alimaliza msuko aliokuwa ameushika, akaufunga ncha, akamwomba mteja radhi. Kisha akavua aproni, akaanza kutafuta viatu vyake.