Koili ya Nne

Mume wangu wa zamani alikuwa fundi wa kusuka mota, na mtaa mzima ulimjua kwa dira yake ndogo. Mota ikiungua aliivua waya, nami nikakaa chini kuisuka upya kwa waya wa shaba, koili nne, miaka kumi na saba. Nikimaliza, yeye aliunga betri na kupitisha dira juu ya koili moja moja. Umeme ukipita, koili inageuka sumaku: hii inavuta ncha ya sindano, jirani yake inaisukuma.

“Shule hukukanyaga,” alikuwa akinitania, “lakini waya unakutii kuliko ninavyokutii mimi.”

“Wewe nani kakwambia unanitii?”

Siku moja, mdomo umejaa chakula nilichopika mwenyewe, akaniambia anaoa, na chumba kinahitajika. “Ila malizia kwanza ile mota ya kisima, mama. Watu hawana maji.”

Niliimaliza. Koili ya nne niliisuka kinyume, makusudi. Umeme ungezunguka humo upande usio wake, na sumaku yake ingepigana na zile nyingine. Nikasema moyoni: atapitisha dira, ataona, atajua nimeumia. Nikafunga mzigo wangu, nikaondoka.

Hakupitisha. Nilisikia baadaye kwamba mwenye kisima alimuuliza mbona leo hapimi. Akajibu, “Hii kasuka yeye, miaka kumi na saba hajakosea. Nipime nini?”

Mota ilinguruma bila kuzunguka, ikatoa moshi. Watu walikaa siku tisa bila maji. “Fundi wa dira kapotea njia!” wakamcheka. Tangu hapo akawa anapima koili ile ile mara kumi, haamini, mpaka wateja wakachoka kungoja. Akafunga banda. Sasa analinda geti la ghala.

Wiki iliyopita nilimfuata pale getini. Nilikuwa nimejiandaa kumkumbusha chumba, na yale mengine yote. Kikatoka hiki tu: “Ile mota niliiharibu mimi. Niligeuza koili.”

Alinitazama. “Miaka minne nadhani niliunga vibaya ncha za waya.”

“Hukukosea.”

“Koili ya ngapi?”

“Ya nne.”

Akafumba macho. Kidole chake kikapita hewani taratibu, moja, mbili, tatu, kikasimama.

“Basi ningeiona,” akasema.

“Ungeiona.”