Hesabu Waliyoiita Ramli

Ninayoikumbuka kuliko siku zote, mwanangu Kemilembe, ni siku baba yako alipoingia nyumba yake ya Muleba, ile ya kando ya barabara kuu. Najua umekulia Rubafu kwa bibi yako mzaa mama ukisimuliwa siku hiyo kwa namna yao, kwamba mimi shangazi yako nina mdomo wa mkosi. Sikuwahi kukusahihisha. Lakini jana ulinipigia simu kutoka Miembeni ukasema bosi wako anataka mirunda iondolewe chini ya kivuli cha zege mnachojenga juu ya mlango, ukuta wa juu bado haujajengwa, kwa sababu Jumamosi anakuja mgeni wa kukata utepe. Utepe! Nilipokata simu nikasema, basi, huyu mtoto sasa namweleza.

Wakati ule nilikuwa chuoni nasoma ufundi wa majengo, nikarudi nyumbani likizo. Baba yako Deo, kaka yangu mkubwa, alikuwa amemaliza duka la chini, ghorofa ingefuata baadaye. Mbele ya mlango alikuwa amemwaga kivuli cha zege, bamba lililolala juu ya ukuta wa mbele. Sehemu kubwa ilitokeza nje kuelekea barabarani, na mkia mfupi lakini mnene ukaingia ndani. Ukuta wa ghorofa ndio ulitakiwa ukae juu ya mkia huo uukandamize, na ukuta huo haukuwapo. Kilichoshika kivuli ni mirunda tu, ile miti ya mikaratusi iliyosimamishwa chini yake.

Hilo unalielewa bila kuchorewa. Mama yako, Koku, hakuwa amesoma mekanika, somo la kani na mizani, nikamchorea kwa mkaa kwenye sakafu ya jiko akiwa anamenya ndizi. Nilifanya kama mwalimu wangu alivyotufundisha: kitoe kitu peke yake, futa kila kinachokigusa, halafu mahali pa kila ulichofuta weka mshale. Uzito unashuka. Ukuta unasukuma juu. Mirunda inasukuma juu. Ukijumlisha, za juu na za chini zinalingana, na hapo ndipo wengi hufunga daftari wakaenda kula. Nikamwambia, bado, wifi. Kani kulingana hakutoshi. Kuna momenti, yaani kani mara umbali wake kutoka kwenye egemeo. Benchi la kanisani, waliokaa katikati wakisimama kwenda kukomunika, aliyebaki nchani anakwenda chini, na hakuongezeka hata kilo. Kwa hiyo nikachukua ukingo wa nje wa ukuta kuwa egemeo, nikapiga hesabu ya upande wa nje, nikapiga ya mkia.

Koku akaweka kidole chenye utomvu wa ndizi juu ya mshale wa mirunda.

“Nikimfuta huyu,” akauliza, “nini kinabaki kushika?”

Nikamwambia ni mkia, na mkia unauweza kwa shida tu ule uzito wa nje, haubakizi kitu. Kivuli kitasimama chenyewe kwa shida. Mtu akipanda akasimama ukingoni, kinapinduka. Mwanangu, nimefundisha mekanika mpaka nimestaafu, na sijapata mwanafunzi aliyeuliza swali zuri kuliko lile.

Jioni nikaenda kwa babu yako, ambaye sote tulimwita Tata. Alikuwa amekaa na Deo wakipanga wageni. Nikaeleza kwa adabu, nimepiga magoti kama tulivyolelewa, nikaomba mirunda ibaki mpaka ukuta wa ghorofa upande. Deo akacheka. Akaniita Nshomile. Unalijua neno letu hilo, “nimesoma,” ambalo nchi nzima inatutania nalo Wahaya. Kwa watoto wa kiume wa nyumba yetu lilikuwa sifa. Mimi nilipigwa nalo kama kofi. Akasema hawezi kuwaalika watu waje kuona nyumba iliyoshikiliwa na fimbo kama mzee. Tata hakucheka. Tata alikasirika.

“Tunaingia nyumba, wewe unatupigia ramli?”

“Ni hesabu, Tata.”

“Hesabu huhesabu kilichopo. Kinachosema ya kesho ni ramli, na binti yangu hapigi ramli mbele ya mlango wa kaka yake.”

Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Na mkuu asiyesikia, huvunjika guu la nani? Hawakutuambia. Koku naye alimsihi mumewe usiku ule, akaambiwa Nshomile amemwambukiza. Sikio la kufa halisikii dawa, ila ubaya wake, mwanangu, sikio likiwa la mmoja, kifo kinaweza kuwa cha mwingine.

Asubuhi mirunda ikatolewa. Kivuli kikasimama kimya, na Tata akapita chini yake mara ya kwanza na ya pili ili nimwone. Akaniambia niende jikoni nyuma, nisitoke mpaka wageni waondoke, nisije nikatia mkosi. Nikaenda. Padri akabariki nyumba, Koku akasimama mlangoni na kikapu cha kahawa ya kutafuna akiwakaribisha watu, wamama wakatandikiwa mkeka mbele ya mlango pale kwenye kivuli, maana jua lilikuwa kali. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Ngoma ilipokolea, vijana wakaegemeza ngazi, wakapanda juu ya zege ili waone vizuri. Walikwenda kusimama wapi? Ukingoni. Mtu anayetaka kuona hasimami kwenye mkia.

Mimi niliusikia mshindo nikiwa na sufuria mkononi. Nilijua ni nini kabla ya mayowe. Vijana walivunjika mikono na miguu, wakapona. Chini ya zege alikuwa mtu mmoja, mama yako.

Kwenye matanga, dada yake Tata alisimama katikati ya watu akanihesabia kwa vidole. Nani alisema kitaanguka? Huyu. Kimeanguka? Kimeanguka. Basi aliyeona ndiye aliyefanya. Hakuna aliyeuliza nani alitoa mirunda. Tata hakunitazama tena mpaka anaingia kaburini. Deo alioa tena, akazaa, akazeeka, na wewe akakuacha Rubafu. Mimi hakuniita hata alipokuwa anaumwa. Kwenye msiba wake nilikwenda, maana damu ni damu. Nilipokaa kwenye benchi wote waliokuwapo wakainuka mmoja mmoja. Nikasogea katikati nikakaa peke yangu. Mimi najua momenti.

Sikuandika haya ili niungame, wala sina cha kuungama. Nina uchungu, na uchungu huu sitaki uurithi, nataka urithi hesabu. Kwa hiyo nisikilize. Leo kaa chini, chora kivuli chenu peke yake, weka kila mshale, halafu mfute mrunda uone nini kinabaki kushika. Usitosheke na kani zilizolingana. Chukua egemeo, pima umbali, na umweke mtu ukingoni, maana mtu atapanda, hata wakuapie kwamba hatapanda. Ukishapata jibu mpelekee bosi wako mbele ya mafundi, si chemba. Atasema unaleta mkosi kwenye shughuli yake. Atatafuta jina la kukupa. Wakikuita Nshomile, itika. Wakikuita mchawi, itika. Ila mirunda isitoke. Wakikutoa kazini utapata kazi nyingine, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na wasikupeleke jikoni. Mimi nilikubali kupelekwa kwa sababu nilikuwa binti mtiifu; wewe kasimame kando ya hiyo mirunda mpaka mgeni wao aondoke na utepe wake.

Na kuna moja ambalo Rubafu hawakukuambia, nami niliambiwa na mmoja wa wamama waliokuwa kwenye mkeka. Koku alipoona vijana wanapanda, watu wengine wote walikuwa wakipiga makofi. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameuona ule mchoro. Alitupa kikapu cha kahawa, akaenda kwenye mkeka, akawavuta wamama nje mmoja baada ya mwingine, na wa kwanza kumvuta alikuwa bibi yako huyo wa Rubafu, kwa sababu wewe ulikuwa umelala mapajani mwake.

Mungu akushike, mwanangu, pale ambapo ukuta bado haujapanda. Akupe sauti isiyotetemeka mbele ya wakubwa. Na yule aliyeuliza nini kinabaki kushika, akuombee huko aliko.